Data kubwa na maendeleo endelevu Uganda: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu tunaokutana nao kazini: wakulima wa kahawa, wahudumu wa afya wa vijiji, wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, na wakimbizi wa Nakivale na Kyaka II ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku. Majibu mengine ni marefu, mengine ni mafupi, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Data kubwa ni nini hasa?

Ni taarifa nyingi mno, zinazoingia kwa kasi na kwa sura mbalimbali, hata jedwali la kawaida la ofisini haliwezi kuzibeba. Nyingi hazikukusanywa kwa ajili ya takwimu. Ukituma pesa kwa simu, rekodi inabaki. Setilaiti ikipita juu ya Karamoja, inapiga picha. Msikilizaji akipiga simu kwenye kipindi cha redio kule Gulu kulalamika kwamba zahanati haina dawa, sauti yake inaweza kunaswa na kuandikwa. Rekodi moja peke yake haisemi mengi. Zikiwa milioni, zinaonyesha watu wanahamia wapi, mvua imekosekana wapi, na ugonjwa unaelekea upande gani.

Ndiyo maana watu wa mipango wanazihitaji. Sensa yetu huja takribani kila miaka kumi. Ile ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, na ya Mei 2024, ya kwanza kufanywa kwa tableti badala ya karatasi, ilihesabu milioni 45.9. Zaidi ya watu milioni 11 wameongezeka katikati. Afisa wa wilaya aliyekuwa akipanga shule na visima mwaka 2023 kwa hesabu ya 2014 alikuwa akipangia nchi ambayo haipo tena.

Inahusiana vipi na Malengo ya Maendeleo Endelevu?

Malengo hayo 17 yalipitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, nayo yana shabaha 169 za kufikiwa ifikapo 2030. Uganda haikuwa mtazamaji tu: majadiliano ya mwisho yalifanyika wakati Sam Kutesa, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje, akiwa Rais wa Baraza Kuu. Kila shabaha inadai kipimo, na kila kipimo kinadai namba. Nchi nyingi za Afrika zilijikuta hazina namba hizo, au zinazo za miaka mitano iliyopita. Data kubwa iliingia kupitia pengo hilo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulifungua Kampala maabara yake ya kwanza Afrika ya kazi hii, Pulse Lab Kampala.

Picha ya kutoka angani inajuaje kwamba mtu ni maskini?

Haijui. Inakisia, na inakisia vizuri ikiwa imefundishwa vizuri. Swali hili tunaulizwa kuliko mengine yote, kwa hiyo tutalijibu hatua kwa hatua.

Anza na paa. Maabara ya Kampala ilifundisha kompyuta kutofautisha paa la nyasi na paa la bati kwenye picha za setilaiti, kisha ikahesabu. Bati hung'aa kwenye picha, nyasi huonekana za kahawia na mviringo. Familia nyingi vijijini zikipata pesa kidogo huanza na bati, kwa hiyo eneo ambalo nyasi zinapungua mwaka hadi mwaka huenda lina watu wanaojikwamua. Hakuna aliyelazimika kugonga mlango wa mtu kumuuliza anakula mara ngapi kwa siku.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walienda mbali zaidi. Walichukua picha za mchana na za taa za usiku kutoka nchi tano, Uganda ikiwemo pamoja na Tanzania, Rwanda, Malawi na Nigeria, wakaifundisha kompyuta kutafuta yenyewe dalili za uchumi wa eneo: barabara, mpangilio wa majengo, mashamba. Makisio yake yalikaribiana sana na tafiti za nyumba kwa nyumba. Mwaka 2022 njia ya aina hiyo ilitumika kupima umeme wa gridi umebadilisha nini vijijini Uganda, na ikaonekana kwamba vijiji vilivyofikiwa na nyaya vilipanda kimali kwa kasi kuliko visivyofikiwa.

Sasa sikiliza kinachosahaulika. Kompyuta hiyo ilijifunza kutokana na majibu yaliyokusanywa na wadadisi waliokaa kwenye benchi la mtu, wakauliza ana kuku wangapi na sakafu yake ni ya nini. Bila wadadisi hao, picha ni rangi tu. Anayekuambia kwamba setilaiti zitaondoa haja ya Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, hajaelewa kazi inavyofanyika. Na paa nalo hudanganya: kuna mama mjane chini ya bati alilojengewa na mradi, hana chakula cha jioni, na kuna mwenye ng'ombe mia anayelala kwenye nyumba ya nyasi kwa hiari yake.

Kwa nini redio? Si kuna mitandao ya kijamii?

Kwa sababu Uganda huongea redioni. Kuna zaidi ya vituo 200 vya FM, vingi vikitangaza kwa lugha za nyumbani, na kipindi cha asubuhi cha kupiga simu ndipo wananchi husema yanayowakera. Mtandaoni ni wachache, na wameongezewa vikwazo: mwaka 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando, na Facebook ilifungwa Januari 2021 kabla ya uchaguzi. Ukisoma mitandao peke yake unasikia Kampala, na Kampala yenyewe ni ile yenye uwezo.

Maabara ya Kampala, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, ilitengeneza mfumo wa kusikiliza redio kwa Kiluganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda. Kifaa kidogo chenye antena hunasa matangazo. Programu huondoa muziki na kubakiza maneno, kisha hugeuza sauti kuwa maandishi na kutafuta maneno yaliyochaguliwa, tuseme mafuriko, kipindupindu, wakimbizi, dawa. Vipande vinavyopatikana havipelekwi moja kwa moja kwa mkubwa yeyote. Mtu anayejua lugha hiyo huvisikiliza, akahakikisha kama kweli mpiga simu analalamikia mafuriko au anaimba tu kuhusu mvua.

Kazi ngumu ilikuwa lugha. Kompyuta inayoelewa Kiacholi haikuwepo dukani, ilibidi watu warekodi na kuandika saa nyingi za mazungumzo kwanza. Hata leo lugha nyingi za Uganda hazijafika hapo, na mzazi wa Karamoja anayezungumza Ng'akarimojong ana shida zile zile za dawa.

Hewa ya Kampala inapimwaje, na inamsaidia nani?

Simama Kibuye saa mbili asubuhi, kati ya teksi, malori na boda, utaihisi kooni kabla ya kuiona. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015 chini ya Profesa Engineer Bainomugisha, umetengeneza vihisi vya bei nafuu vinavyofungwa kwenye nguzo, kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Vina sola kwa sababu umeme hukatika, vimetengenezwa kuvumilia vumbi na joto, na hutuma vipimo kupitia mtandao wa simu. Kihisi cha bei ndogo hukosea, hivyo vipimo vyake hulinganishwa na mtambo wa gharama kubwa na kusahihishwa kwa hesabu za kompyuta.

Kinachopimwa ni chembechembe ndogo kiasi cha kupenya mapafu na kuingia kwenye damu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kiasi cha Kampala ni mara kadhaa ya hicho. Vyanzo ni magari makuukuu, barabara za vumbi, kuchoma takataka, na kuni na mkaa wa jikoni.

Tunaipenda kazi hii kwa sababu moja kubwa: vipimo viko wazi. Mama wa mtoto mwenye pumu anaweza kuvitazama kwenye simu kabla ya kumtoa nje, na diwani anaweza kuulizwa kwa namba. Taarifa imerudi kwa watu wanaoivuta hewa hiyo. Miradi mingi haifiki hapo.

Mkulima wa ekari mbili anapata nini?

Inategemea ni nani aliyekuja shambani kwake, na kama alirudi.

Chukua mihogo. Ugonjwa wa batobato huonekana kwenye majani, lakini ule wa michirizi ya kahawia ni adui wa kimya: shina na majani yanaweza kuonekana ya kuridhisha, mkulima akachimba baada ya mwaka akakuta mizizi imeoza ndani. Magonjwa yote mawili husambazwa na inzi weupe na kwa vipando vilivyoambukizwa. Maabara ya akili mnemba ya Makerere na watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge walikusanya picha za majani, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe kwenye mashamba yao, na wataalamu wakaandika kila picha ina ugonjwa gani. Picha 21,367 kati ya hizo ziliwekwa wazi, na wataalamu wa kompyuta kutoka pande zote za dunia wakashindana kutengeneza programu ya kuzitambua. Mkulima mwenye simu janja anaweza kupiga picha ya jani na kupewa jibu hapo hapo, kabla hajampa jirani vipando vyenye ugonjwa.

Kahawa ni habari nyingine, na ndiyo inayotuletea maswali kutoka Masaka hadi Mbale. Umoja wa Ulaya umetunga sheria inayotaka kahawa iingiayo kwake isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi yanaendelea. Muuzaji lazima aonyeshe kahawa ilikolimwa. Shamba lisilozidi hekta nne huandikwa kwa nukta moja ya ramani, na kubwa zaidi huchorwa mpaka wake wote. Kwa hiyo vijana wenye tableti wanapita vijijini, wanasimama katikati ya mibuni, wanabonyeza, wanaandika jina na namba ya kitambulisho, wanaondoka.

Hapa tunawaambia wakulima waziwazi: uliza. Nukta hiyo itawekwa wapi? Ni mali ya nani, ya chama chenu cha ushirika, ya serikali au ya mnunuzi? Ukihamia kwa mnunuzi mwingine mwakani, unaweza kwenda nayo au utapimwa upya? Mkulima aliyepimwa ana haki ya kupewa nakala. Ramani ya shamba lako ikiwa mikononi mwa mnunuzi mmoja pekee, bei atapanga yeye.

Wahudumu wa afya wa kijiji wanaingia wapi?

Wao ndio mwanzo wa mambo. Tangu 2011 mfumo wa mTrac wa Wizara ya Afya umewawezesha wahudumu wa vituo kutuma kwa meseji ya kawaida, hata kwa simu ya kitochi, hesabu ya wagonjwa wa wiki na dawa zilizobaki. Taarifa hizo huungana na mfumo wa taifa wa afya, na mtu wa wilayani akaona kwamba kituo fulani kina homa nyingi kuliko kawaida au kimeishiwa dawa za malaria. Ebola ilipozuka Mubende na Kassanda Septemba 2022, ikathibitishwa kwa watu 142 na kuua 55 kati yao kabla ya kutangazwa kwisha Januari 2023, kazi ya kufuatilia waliokutana na wagonjwa ilitegemea watu wanaojua kila nyumba na kila njia ya mguu.

Wengi wa wahudumu wa kijiji hawana mshahara, na mara nyingi muda wa maongezi hujinunulia. Ukisikia mtu anasifia mfumo wa kidijitali wa afya, muulize nani alilipia muda huo wa maongezi.

Ni nani asiyeonekana kwenye data?

Wale wale ambao hawakuonekana zamani. Asiye na simu haachi rekodi ya simu. Mke anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume huhesabiwa kama mume. Mzee ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe hadi alama zimefifia hukataliwa na mashine, na mashine ikimkataa anaweza kukosa hata posho ya wazee, kwa sababu huduma nyingi sasa zinadai Ndaga Muntu, kitambulisho cha taifa. Mwaka 2021 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti nzito kuhusu wanawake na wazee waliofungiwa nje ya huduma kwa kukosa kitambulisho hicho au kwa makosa yaliyoandikwa ndani yake, kama tarehe ya kuzaliwa isiyo sahihi.

Hatari yenyewe ni hii: data ikiwa nyingi, huonekana kamili. Ramani ya simu milioni kumi inapendeza, na mkubwa anayeitazama anaona Uganda nzima. Haoni kwamba sehemu nyeupe kaskazini mashariki ina watu. Akipanga zahanati kwa ramani hiyo, zitaenda kwenye simu nyingi, si kwenye wagonjwa wengi. Tunapofundisha vikundi vya vijijini, swali la kwanza tunalowapa wamuulize yeyote anayekuja na takwimu ni: sisi tumo?

Tiba ipo na inajulikana. Unachanganya data ya simu na sensa, unatuma wadadisi makusudi kule kusikosikika, unamkalisha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na akina mama wa soko mbele ya ramani na kuwauliza kipi si kweli. Huchukua muda na pesa, na ndicho kipengele cha kwanza kukatwa bajeti ikipungua.

Sisi wakimbizi tulichukuliwa alama za vidole na macho. Zilitumika kufanya nini?

Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, walihakiki upya wakimbizi wote. Orodha ya awali ilikuwa na watu takribani milioni 1.4, na waliothibitishwa walikuwa takribani milioni 1.1. Tofauti hiyo ilikuja baada ya tuhuma za majina hewa na chakula kuibwa, kwa hiyo uhakiki ulikuwa na sababu nzuri. Leo Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na mgao hutegemea mfumo huo wa alama za vidole na macho.

Ndugu zetu kutoka Kongo hutuuliza kama serikali waliyoikimbia inaweza kuziona taarifa hizo. Ni hofu halali, na anayekusajili anapaswa kukujibu kwa lugha unayoielewa: nani anaziona, zinapelekwa wapi, na ukikosea jina unasahihishaje. Kwa Nakivale, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili, na fomu nyingi bado ni za Kiingereza. Jambo hili linatuuma, kwa sababu ridhaa iliyotolewa kwa lugha usiyoijua si ridhaa.

Ukame wa Karamoja unaweza kutabiriwa?

Unaweza kuonwa mapema. Setilaiti hupima ukijani wa mimea, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mpango wa serikali wa NUSAF III uliongeza ajira za muda kwa maelfu ya kaya ili zipate pesa kabla hazijauza mbuzi wa mwisho. Uzuri wake ni kwamba uamuzi ulikuwa umeshafanywa: kipimo kikigusa mstari, pesa inatoka, bila kusubiri kamati ikae.

Na misitu na wanyama?

Picha za setilaiti za Landsat na Sentinel ni za bure, na Sentinel-2 hupita juu yetu takribani kila siku tano, kwa hiyo anayekata miti kwenye msitu wa Bugoma leo anaweza kuonekana wiki ijayo, mawingu yakiruhusu. Katika hifadhi ya Queen Elizabeth, watafiti walitumia kumbukumbu za doria za zaidi ya miaka kumi za Mamlaka ya Wanyamapori kukisia wapi mitego itategwa, na askari walipokwenda huko waliikuta. Kuona ni rahisi sasa. Kumkamata mwenye msumeno ni kazi ya sheria, na hiyo haifanywi na kompyuta.

Setilaiti yetu wenyewe imefikia wapi?

PearlAfricaSat-1 ilirushwa Novemba 2022, ikitengenezwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa Japani. Ilikuwa ndogo na maisha yake yalikuwa mafupi. Faida iliyobaki ni hao wahandisi.

Sheria inanilinda vipi?

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kanuni zake za 2021. Inasema taarifa zako zisikusanywe bila ridhaa yako isipokuwa pale sheria inaporuhusu, zitumike kwa kazi uliyoambiwa, na una haki ya kuziona na kudai zisahihishwe. Kuna ofisi ya ulinzi wa data binafsi chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, inayopokea malalamiko. Mwaka 2021 NITA-U ilichunguza kampuni moja ya usafiri wa boda na kukuta ilikuwa ikipeleka taarifa za wateja kwa kampuni ya nje bila kuwaeleza ipasavyo, ikaagizwa kujirekebisha.

Sheria hiyo pia ina milango kwa ajili ya usalama wa taifa, na milango hiyo ni mipana. Kwa hiyo tunapendelea njia ambayo haihitaji kumwamini mtu: kufuta majina na namba, kuwahesabu watu kwa makundi badala ya mmoja mmoja, na kutokusanya kabisa kile usichokihitaji. Kujua kwamba watu elfu tano walihama kutoka eneo moja kwenda jingine baada ya mafuriko kunatosha kupeleka mahema. Hakuna haja ya kujua ni akina nani.

Mimi ni mwanafunzi. Nianzie wapi bila pesa?

UBOS huweka ripoti zake mtandaoni bure, zikiwemo za sensa ya 2024. Vipimo vya hewa vya AirQo viko wazi. Picha za Sentinel ni za bure, na ramani ya OpenStreetMap unaweza kuisoma na kuijaza mwenyewe: kisima, zahanati, daraja lililobebwa na maji. Ukiwa na simu na dakika kumi, ingia Common Voice, mradi wa wazi wa kukusanya sauti za lugha mbalimbali, urekodi sentensi kwa Kiluganda au Kiswahili, maana mashine zitakazomsikiliza bibi yako kesho zinafundishwa leo kwa sauti hizo.

Jifunze programu ya jedwali kwanza, kisha Python au R, lugha za kuandikia programu za kompyuta. Chagua swali la mtaani kwenu, mfano kwa nini mtaro fulani hufurika kila Aprili. Tafuta data, ichore, kisha ipeleke kwenye kikao cha LC1 kabla hujaipeleka kwa mhadhiri. Wenye mtaa watakuonyesha makosa ambayo chuoni hakuna atakayeyaona, na ukishayasahihisha, waachie nakala.